Usikate Mti wa Mpira wa Babu Kabla Hujaligusa Gome

Mwongozo huu nawaandikia watu wa Bukavu ambao familia zao zina shamba la zamani la mpira huko chini kwenye joto, upande wa Tshopo, Équateur au kwingine msituni. Babu alilipanda, au mjomba alilipata enzi za Mobutu, na tangu hapo limegeuka pori. Swali ninaloletewa ni lile lile: «Mama agronomu, tukate tufanye makala, ao tuache?» Nami najibu vile vile: usishike shoka kabla hujashika gome.

Baba yangu alikuwa kapita (msimamizi) wa wagema katika plantasio moja karibu na Kisangani. Mimi nikaja kusomea kilimo baadaye. Mengi tuliyofundishwa darasani hayakufanana na aliyoyajua yeye, ila kwa hili walimu na baba walisema sauti moja: mtaji wa shamba la mpira ni gome. Ardhi unaweza kuwa nayo, miti unaweza kuwa nayo elfu, lakini gome likiisha huna kitu. Na nchi yetu imeula mpira wake namna hiyo zaidi ya mara moja. Ndiyo maana naanza na historia. Ukifufua shamba bila kujua liliuawa na nini, utaliua tena kwa fedha yako mwenyewe.

Mpira wetu ulikufaje

Mpira wa kwanza uliotoka Kongo haukutoka kwenye mti huu ulio shambani kwako. Enzi za mfalme Leopold II wa Ubelgiji ulitoka kwenye mitambaa ya msituni, hasa ile ya jamii ya Landolphia. Kila kijiji kilipangiwa kiasi cha kuleta. Wanawake walishikwa mateka mpaka waume warudi na mzigo, walioshindwa walichapwa kiboko, wengine wakauawa, wengine wakakatwa mikono. Mwaka 1890 zilisafirishwa tani zipatazo 100. Mwaka 1901 zilifika karibu 6,000. Mtambaa ukichanjwa taratibu huishi, ukapona, ukachanjwa tena. Lakini mwanaume ambaye mkewe amefungwa kwenye boma hana muda wa kuchanja taratibu. Aliukata mtambaa mzima, akaukamua wote, na safari iliyofuata akaenda mbali zaidi. Ripoti ya konsuli wa Uingereza Roger Casement ya 1904 iliyaanika mateso hayo, na mwaka 1908 Ubelgiji ikaichukua nchi kutoka mikononi mwa mfalme. Kufikia wakati huo mitambaa ya karibu ilikuwa imekwisha.

Huku nyuma Mwingereza Henry Wickham alikuwa ameshatoa Brazil mbegu zipatazo 70,000 za Hevea brasiliensis, mti huu ulio shambani kwako, mwaka 1876. Kutoka hizo yakazaliwa mashamba ya Asia. Pale Singapore, mtaalamu wa mimea Henry Ridley alionyesha jambo ambalo kazi yote ya kugema inasimama juu yake mpaka leo: ukinyoa kipande chembamba tu cha gome kwenye mkato ule ule, mti hutoa utomvu tena na tena bila kufa. Kufikia 1914 mpira wa mashamba ulikuwa umeupita ule wa msituni duniani kote.

Mara ya pili ni wakati wa vita ya 1940. Wajapani walipoiteka Malaya na Java mwaka 1942, Waingereza, Wamarekani na wenzao walipoteza karibu sehemu tisa kwa kumi za mpira wao. Watu wetu wakarudishwa msituni kutafuta mitambaa, na siku za kazi ya lazima zikapandishwa kutoka 60 hadi 120 kwa mwaka. Uasi wa wafuasi wa dini ya Kitawala wa 1944, huko Masisi na Lubutu, ulizuka katika miaka hiyo hiyo ya kubanwa.

Hevea ilikuwa imeshaanza kukaa vizuri katika bonde la mto. INEAC, taasisi ya Wabelgiji ya utafiti wa kilimo iliyoundwa mwaka 1933 na kuwa na kituo chake kikubwa Yangambi, ilichagua miti bora na kufundisha namna ya kuilea. Mashamba mengi mnayoyarithi leo yametokana na kazi ya miaka hiyo.

Halafu ikaja tarehe 30 Novemba 1973. Mobutu alitangaza kwamba mashamba na maduka ya wageni yagawiwe raia. Sina ugomvi na wazo la Mkongomani kumiliki shamba la Kongo, nalitaka kwa moyo wangu wote. Lakini wengi waliogawiwa hawakuwa wakulima, na hawakuwa na uhakika kama mwaka kesho wangeachiwa. Mtu asiyejua kama mali itakuwa yake kesho huikamua leo. Miti iligemwa, haikupandwa mipya. Miaka michache baadaye mashamba mengine yakarudishwa kwa wenyewe, ila barabara na feri zilikuwa zimeanza kufa. Ukafuata uporaji wa 1991 na 1993, kisha vita ya 1996 na ya 1998. Mgema mzuri hutengenezwa kwa miaka. Akiondoka akaenda kuchimba dhahabu, ujuzi unaondoka naye.

Wengine husema mpira umekufa kwa sababu wazungu wanatengeneza wao kwa petroli. Ni kweli nusu tu. Mpira wa petroli ulichukua nafasi kubwa baada ya vita, lakini tairi za ndege na za malori makubwa bado haziwezi kuuacha mpira wa mti. Malaysia iliyoongoza dunia ilishuka kuelekea 1990 kwa sababu watu wake walipata viwanda na michikichi yenye faida zaidi, na Thailand ikaikamata nafasi hiyo. Hapa Afrika, Côte d'Ivoire imepita tani milioni moja kwa mwaka, na sehemu kubwa inatoka kwa wakulima wadogo wenye hekta mbili tatu. Mti ni ule ule, joto ni lile lile. Sisi tumepungukiwa na mnunuzi, njia, na subira ya gome.

Uwe na uhakika na mahali

Wapo wanaoniuliza kama wanaweza kupanda mpira Kabare au Walungu kwa kuwa ardhi ya huko ni nzuri. Hapana. Bukavu iko kwenye mita 1,500 hivi, ni baridi kwa mti huu. Hevea inataka chini ya mita 600, joto la nyuzi 25 hadi 28, na mvua ya milimita 1,500 hadi 2,000 kwa mwaka iliyogawanyika vizuri. Milimani tuachie kahawa na kwinini.

Karatasi kabla ya panga

Sheria ya ardhi ya 20 Julai 1973 inasema ardhi yote ni ya Serikali. Wewe unapewa haki ya kuitumia. Shamba lililokuwa la kampuni mara nyingi lilikuwa na mkataba wa miaka 25 unaoweza kufanywa upya, na mikataba ya namna hiyo mingi imeisha bila mtu kuangalia. Kwa hiyo kwanza nenda kwa konservateri wa hati za ardhi wa eneo lile, ukaulize shamba limeandikwa kwa jina la nani. Barua ya babu yenye muhuri wa zoni si hati, ingawa ihifadhi, inasaidia kuonyesha mlikaa lini.

Kisha nenda kwa sefu wa kijiji na kwa wale wanaolima ndani. Watakuwepo. Watu wamepanda mihogo na mpunga kati ya mistari kwa miaka, watoto wao wamezaliwa pale. Usifike na askari. Kaa nao, mkubaliane mapema nani atavuna nini na mpaka lini, muandike, sefu aweke sahihi. Hao hao ndio watakaokuwa wagema wako na walinzi wako dhidi ya moto. Familia inayoanza kwa kuwafukuza inapoteza miti yake kiangazi cha kwanza.

Kupima miti

Nenda mwenyewe, au mtume mtu anayejua, si mpwa aliyeko tu huko. Beba mita ya mshonaji, rangi nyeupe na brashi, msumari mwembamba uliotiwa alama za milimita, daftari.

Tafuta mistari. Hata pori likiwa zito, hevea ya plantasio ilipandwa kwa kamba, na ukipata miti mitatu iliyonyooka utaipata mingine. Zamani hekta moja ilikuwa na miti kama 450 hadi 550. Hesabu iliyobaki hai kwenye hekta moja yenye sura ya wastani, usichague ile nzuri. Ukikuta chini ya miti 200 inayofaa, mimi huwashauri wenyewe wasilifufue kama shamba la kugema. Mgema atatembea sana na kikombe kitajaa kidogo. Hapo fikiria kupanda upya.

Pima mzunguko wa shina mita moja kutoka ardhini. Mti unaanza kugemwa ukifika sentimita 50. Miti ya babu itakuwa imepita mbali, kwa hiyo mzunguko si tatizo lake. Tatizo ni lile baba alilonionyesha kwa kunishika mkono na kuupitisha juu ya shina: macho yako yafumbe, acha vidole viseme. Gome lililogemwa na mtu mwenye mkono mzuri likipona linakuwa laini, unahisi mkunjo mdogo tu mahali mkato ulipoishia. Lililogemwa kwa pupa lina vinundu, mashimo, makovu magumu kama mfupa, kwa sababu kisu kilifika kwenye mti wenyewe. Kwenye vinundu hivyo kisu hakipiti tena. Zunguka shina lote, kuanzia kiunoni hadi mkono unapofika juu, na uandike upande upi ni laini.

Sasa chukua msumari, uchome taratibu kwenye gome laini mpaka uhisi ugumu wa mti. Likiwa na milimita 6 au zaidi, una la kufanyia kazi. Hapa kuna habari njema ambayo watu wengi hawaijui. Gome lililogemwa vizuri linahitaji miaka 7 au 8 hivi kujijenga upya. Shamba lako limelala zaidi ya hapo. Kuachwa kule kunakokusikitisha kumeipumzisha miti, na paneli (sehemu za gome zinazogemwa) za chini ambazo wagema wa mwisho waliziacha zimechoka zinaweza kuwa tayari tena. Nimeona miti ambayo mwenye shamba alishaiuza kwa mchoma makala, na ndani ya gome kulikuwa na miaka kumi ya utomvu.

Angalia pia shingo ya mti, pale unapoingia ardhini. Fukua kidogo kwa mkono. Ukiona nyuzi nyeupe zimeng'ang'ania mizizi, zikienda kuwa za manjano, hiyo ni kuvu ya mizizi iitwayo Rigidoporus, adui mkubwa wa hevea Afrika. Mti huo weka alama ya msalaba, na miti ya jirani yake ichunguze yote. Ugonjwa wa majani ulioangamiza mashamba ya mpira Amerika ya Kusini, pamoja na yale ya Henry Ford kule Fordlândia, haujafika Afrika. Kwa hiyo kamwe usikubali kuletewa mche au tawi kutoka huko.

Miti inayofaa ipige nukta nyeupe. Hizo nukta ndizo shamba lako. Mengine ni pori.

Kusafisha

Fyeka kwa panga, usichome. Gome la hevea halivumilii moto, na moto mmoja wa mwenye mpunga unaweza kumaliza mistari kumi. Majani yaliyofyekwa yaache yaoze katikati ya mistari. Fungua kwanza njia ya mgema tu, upana wa mtu na ndoo, kutoka mti hadi mti. Katikati utaendelea kidogo kidogo. Kusafisha hekta zote kwa mara moja ndiko kunakomaliza fedha ya familia kabla ya tone la kwanza.

Mkato

Hapa ndipo penye kazi. Usimpe mtu kisu akaanze na miti mizuri. Mpe ile yenye msalaba, aharibu hiyo mpaka mkono utulie.

Ukisimama mbele ya mti, mkato unaanza juu kushoto ukishuka kulia, kwa mteremko wa nyuzi 30 hivi, ukizunguka nusu ya shina. Usiugeuze. Mishipa ya utomvu ndani ya gome inapanda ikilalia upande wa kulia, na mkato unaoteremkia kulia unaikata mingi zaidi. Chini ya mwisho wa mkato chora mfereji mfupi ulionyooka, gongomea kimdomo cha bati, kisha ufunge kikombe kwa waya. Kikombe cha plastiki, kifuu cha nazi, chochote kisicho na kutu na kisicho na mchanga.

Mishipa mingi iko ndani kabisa ya gome, karibu na ule utando mwembamba unaozaa gome jipya. Utomvu mwingi uko pale pale penye hatari. Mgema mzuri anasimama milimita moja, moja na nusu, kabla ya utando. Asiyefika hapo hapati kitu, anayepita anajeruhi mti. Baba alikuwa akipita nyuma ya wagema na kidole, hakuangalia kikombe kwanza. Aliangalia kama kuna mahali mti mweupe umeonekana. Palipoonekana, alipaka udongo, akamwita mwenye kisu, akamwonyesha bila kelele.

Unene wa kinyoleo kimoja, yaani kipande cha gome kinachonyolewa, usizidi milimita moja na nusu. Gema kila mti mara moja kwa siku tatu. Kwa mpangilio huo mkato hautashuka zaidi ya sentimita 2 kwa mwezi. Weka nukta ya rangi kila mwisho wa mwezi pembeni ya mkato, na utaona bila kuuliza nani anakula gome. Sasa piga hesabu pamoja nami. Ukianza kwenye mita moja na nusu na kuishia sentimita 20 kutoka ardhini, una sentimita 130. Kwa sentimita 2 kwa mwezi, ukiacha mwezi mmoja wa kupumzika kila mwaka, upande mmoja unakupa karibu miaka 6, na upande wa pili miaka 6 mingine. Ukiumaliza wa pili, wa kwanza utakuwa unakaribia kupona. Yule anayegema kila siku kwa kinyoleo cha milimita 3 anashuka sentimita 9 kwa mwezi. Sentimita zile zile 130 zinamwishia ndani ya miezi 15. Tofauti ya miaka 6 na miezi 15 ndiyo historia ya mpira wa Kongo niliyokueleza.

Kama paneli za chini zina vinundu lakini juu ya urefu wa mtu gome bado ni bikira, unaweza kugema kwa kwenda juu: mkato wa robo ya shina tu, mteremko mkali zaidi wa nyuzi 45, kwa kisu cha kusukuma chenye mpini mrefu. Ni kazi ngumu, utomvu hudondoka nje ya mfereji, lakini kwa miti mizee ndiyo mara nyingi inayolipa.

Mgema aanze alfajiri, saa kumi na moja akiwa na tochi kichwani. Wakati huo mti umejaa maji na utomvu unasukumwa kwa nguvu. Jua likipanda mtiririko unapungua. Mgema mmoja anaweza miti 400 hadi 600 kwa asubuhi. Mvua ikiwa imelowesha gome, msigeme, utomvu utasambaa shinani na kuoshwa. Miti ikipukutisha majani na kuanza kutoa mapya, ipumzisheni. Na mti ukianza kukauka, mkato ukabaki mkavu au wa kahawia sehemu sehemu, huo ni uchovu. Uache miezi kadhaa, usiongeze kina. Atakayekuletea dawa ya kuongeza utomvu, etefoni, mwambie arudi baadaye. Inafanya kazi kweli, lakini mikononi mwa mgema mgeni inaficha pupa mpaka siku mti unakauka.

Malipo ya wagema nawasihi myafikirie sana. Ukilipa kwa kilo peke yake, umewaambia wale gome. Nchi nyingi za Asia mwenye shamba na mgema wanagawana mavuno, nusu kwa nusu au 60 kwa 40, na mgema hukaa na miti ile ile kwa miaka. Fanya hivyo, na uongeze zawadi ya mwisho wa mwezi kwa yule ambaye miti yake haina jeraha na nukta zake hazijapita sentimita 2. Mgema aliye na uhakika wa kubaki ataulinda mti kuliko wewe uliye Bukavu.

Kutoka kikombe hadi mzigo

Njia rahisi ni kuacha utomvu ugande wenyewe kikombeni, kisha ukusanye madonge. Huhitaji maji mengi wala mashine. Bei yake ni ya chini lakini kwa shamba linaloanza ndiyo ninayoipendekeza. Sharti moja: usafi. Anayetia mchanga, maganda au mawe ili donge liwe zito anaharibu jina la eneo zima, na mnunuzi harudi.

Ukiwa na mto safi karibu na rola za mkono, tengeneza karatasi za mpira za moshi. Kusanya utomvu ukiwa bado maji, chuja kwa wavu, ongeza maji safi kiasi sawa na utomvu. Kwa lita 10 za utomvu, pima mililita 12 hivi za asidi ya fomiki, uimimine katika lita moja na robo ya maji. Asidi iingie kwenye maji, kamwe usimimine maji juu ya asidi, na vaa glavu. Koroga taratibu kwenye trei, toa povu, funika. Kesho yake limekuwa donge laini jeupe. Lipitishe kwenye rola mpaka libaki milimita 3, lioshe, litundike kivulini lidondoke maji. Kisha kwenye banda la moshi, nyuzi 40 mwanzoni, ukipanda mpaka 60, siku nne au tano. Inua karatasi juu kwenye mwanga: ikiwa na rangi ya asali bila madoa meupe ndani, imekauka. Usitumie asidi ya betri. Inagandisha, ndiyo, lakini inaufanya mpira uwe mbovu.

Shamba la zamani lililotokana na mbegu tupu usilitegemee zaidi ya kilo 500 kavu kwa hekta kwa mwaka. Atakayekuahidi tani mbili anakuuzia kitu.

Mnunuzi kabla ya kisu

Usifungue mkato hata mmoja kabla hujaongea na mnunuzi. Waulize wenye plantasio zinazofanya kazi bado kandokando ya mto kama wananunua kwa wakulima wa nje, kwa bei gani, mzigo ukiwa wapi. Bei ya dunia unaweza kuifuata kwenye simu: soko la Singapore, daraja la TSR 20. Toa humo gharama ya meli au balenyeri (boti ya mbao ya mtoni) hadi Kinshasa, ya kufika Matadi, na vizuizi vya njiani. Kinachobaki ndicho chako. Usipange kuuleta mpira Bukavu kwa barabara ya Walikale, itakula yote. Habari nzuri ni kwamba mpira mkavu hauozi haraka, unaweza kungoja chombo miezi, jambo ambalo mafuta ya mawese hayawezi. Shamba moja dogo halivuti mnunuzi, kwa hiyo unganeni familia kadhaa za eneo moja mkusanye mzigo wa kutosha.

Kitu kimoja kinawapendelea wenye miti ya zamani. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya 2023 kuhusu ukataji wa misitu inaugusa mpira: hautakiwi utoke kwenye msitu uliokatwa baada ya 31 Desemba 2020, na kila kipande cha shamba kitajwe mahali kilipo kwa GPS. Shamba la babu lilishakuwa shamba kabla ya hapo. Chukua alama za GPS za kona zake siku ile ile ya kupima miti, uziweke pamoja na hati.

Ikilazimu kupanda upya

Ukikuta gome limekwisha kweli, gemeni ile miti kwa nguvu mwaka au miwili ya mwisho, hapo ndipo pupa inaruhusiwa, kisha mkate. Lakini si kwa makala. Mbao za hevea ni nyepesi kufanyia kazi, Malaysia inatengenezea samani za kuuza nje. Zipasuliwe ndani ya siku chache na kuzamishwa kwenye dawa ya boraksi, la sivyo zinageuka bluu na wadudu wanaingia.

Kwa miche, usiokote mbegu chini ya miti ya zamani ukadhani umepata shamba jipya. Mbegu hizo ni za kuoteshea shina la chini tu. Juu yake pandikiza jicho la kloni (nakala ya mti bora uliochaguliwa) inayojulikana: GT 1, PB 217, PB 260, RRIM 600. Kawaulize INERA, iliyorithi INEAC, pale Yangambi kabla ya kumwamini mwenye kitalu yeyote. Panda mita 7 kwa 3, utapata miti kama 476 kwa hekta, na utangoja miaka 6 au 7. Miaka mitatu ya kwanza lima katikati mahindi, karanga, maharage au ndizi ili familia ile, kisha funika ardhi kwa pueraria, mmea utambaao wa jamii ya kunde. Mihogo msiipande karibu na miche, kwa kuwa inaikaribisha ile kuvu nyeupe ya mizizi. Na visiki vya miti ya zamani ving'oeni pamoja na mizizi mikubwa, kwanza ile mliyoiwekea msalaba, mvichome mbali na shamba kabla mche wa kwanza haujaingia ardhini.